Nani Anashika Nafasi? Safu, Mikusanyiko na Kitanzi Kimoja cha Java

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa waandishi wa programu. Wapo waliotamani kuja wakabanwa na kazi, wakaniomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziondoa, maana msimbo wenyewe niliusoma kwa mdomo.

Bwana mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu tunaokesha na kompaila, na ninyi mlioanza lugha ya Java juzijuzi: hamjambo?

Nimepewa mada ambayo ukiisikia utadhani ni ya wiki ya kwanza darasani: kupita kwenye safu (array, vitu vilivyopangwa kwa nafasi zenye nambari) na kupita kwenye mkusanyiko (collection, kama orodha). Bwana mmoja pale mlangoni kaniuliza, "Hivi hiyo nayo ni mada ya kupandia jukwaani? Si unaandika for, basi?" Nikamwomba akae mstari wa mbele. Yupo. Karibu sana, mzee wangu.

Sikilizeni mistari miwili. Wa kwanza: for (int alama : safu). Wa pili: for (int alama : orodha). Safu hapa ni int[], orodha ni List<Integer>. Int ni nambari tupu; Integer ni nambari ileile iliyofungashwa kuwa objekti. Nani ananiambia tofauti? Jicho halioni tofauti. Mistari hii inafanana kama shilingi kwa ya pili. Lakini nyuma ya pazia ni mashine mbili zisizojuana. Nikiwauliza swali moja tu asubuhi hii, ni hili: mnapopita kipengele hadi kipengele, nani anashika nafasi? Nani anajua tumefika wapi?

Kwenye safu, unaishika wewe. Ni nambari tu, inaanza sifuri, inapanda. Kwenye mkusanyiko hushiki kitu. Unabisha hodi, mkusanyiko unakupa mwenyeji wa kukutembeza, na yeye ndiye anayekumbuka mmeishia chumba gani. Huyo mwenyeji Java inamwita Iterator. Mnamuuliza, kuna kingine? Akisema ndiyo, mnamwambia, haya, nipe.

Nani anashika nafasi? Litunzeni swali hilo.

Turudi nyuma kidogo. Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na safu, na pembeni yake ilikuwa na mikusanyiko kama Vector na Hashtable. Ukitaka kupita kwenye Vector ulitumia Enumeration, yenye majina marefu ya kuchosha vidole: hasMoreElements, nextElement. Na ilikuwa ya kutazama tu, kufuta haikujua. Desemba 1998 likaja toleo la 1.2 pamoja na mfumo mpya wa mikusanyiko, kazi iliyoongozwa na Joshua Bloch. Hapo ndipo tulipopata List (orodha), Set (seti isiyorudia kitu) na Map (funguo na thamani zake), na Iterator yenye hasNext, next, na cha ajabu zaidi kwa wakati ule, remove. Yule mwenyeji akapewa ruhusa ya kuondoa kitu ndani ya nyumba anayoitembeza. Hilo la remove tutalirudia, maana lina kesi.

Kwa miaka sita watu waliandika Iterator kwa mkono, mistari mitatu kwa kazi ya mmoja. Mwaka 2004, toleo la 5, kikaja kitanzi kifupi tunachokitumia leo, ile for yenye nukta pacha niliyoisoma mwanzoni. Mmewahi kujiuliza kwa nini Java ilichagua nukta pacha, wakati lugha nyingine ziliandika "foreach" na "in"? Fikirini System.in. Neno "in" lilikuwa tayari jina la kitu, limeandikwa kwenye programu zisizo na idadi. Kuligeuza kuwa neno la lugha kungezivunja zote siku moja. Wakatumia for ileile, wakaongeza nukta pacha, hakuna programu ya zamani iliyoumia. Mimi napenda uamuzi wa namna hiyo. Hauna mbwembwe, lakini unaheshimu kazi za watu.

Sasa kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo wetu, ikiona kitanzi hicho inafanya nini? Inatazama kilicho kulia kwa nukta pacha. Je, ni Iterable, yaani kitu kinachojua kumtoa mwenyeji? Kama ndiyo, inakuandikia mwito wa iterator(), kisha hasNext na next. Je, ni safu? Inaliweka rejeleo la safu pembeni kwenye kigeu chake yenyewe, inaanzisha nambari kutoka sifuri, inapanda mpaka length. Si hiki wala si kile? Inakataa. Na hapa wengi hushtuka: safu ni objekti, lakini si Iterable. Ukiandika methodi inayopokea Iterable<String>, ukampelekea String[], kompaila itakurudisha mlangoni. Safu inaruhusiwa kwenye kitanzi kifupi kwa sababu sheria ya lugha imeitaja kwa jina, si kwa sababu imetimiza kiolesura (interface, ahadi ya kuwa na methodi fulani) chochote kama Iterable.

Kwa kuwa safu imewekwa pembeni mapema, ukiamua katikati ya kitanzi kukipa kigeu "safu" safu nyingine kabisa, kitanzi hakijali, kinaendelea na ile ya mwanzo. Na ukiandika alama = 0 ndani ya kitanzi, umebadilisha nakala iliyo mkononi mwako; ndani ya safu hakuna kilichoguswa. Ukitaka kuandika ndani ya safu, rudi kwenye for ya zamani yenye nambari. Kwenye ArrayList, ile orodha ya kawaida, utahitaji set, au ListIterator, ambaye ni mwenyeji mwenye ruhusa nyingi zaidi.

Hili la length bila mabano kwenye safu, length yenye mabano kwenye String, na size kwenye mikusanyiko, nalipita haraka. Ni kero, tumeizoea, tusonge.

Wenzangu, nimesema kuna kesi ya remove. Hapa nitakaa.

Kulikuwa na ofisi moja, siitaji, iliyokuwa na programu ya kuondoa akaunti zilizofungwa kwenye orodha. Kijana akaandika kitanzi kifupi: kwa kila akaunti katika orodha, kama imefungwa, orodha.remove(akaunti). Akaifanyia jaribio kwa orodha ya akaunti mbili, ya kwanza imefungwa, ya pili iko wazi. Jaribio likapita. Likapita tena. Programu ikapelekwa kazini, ikakutana na orodha halisi, ikaanguka na ujumbe mrefu: ConcurrentModificationException. Wakubwa wakasema ni suala la nyuzi (threads, kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu), kama watu wawili wanaogusa orodha kwa wakati mmoja. Wakatafuta uzi wa pili kwa muda mrefu. Hapakuwa na uzi wa pili.

Sasa twende ndani ya ArrayList, taratibu. Orodha ina vipengele vinne: A, B, C, D, vilivyoongezwa kimoja kimoja. Kila unapoongeza au kuondoa, orodha inapandisha kihesabu chake cha ndani kinachoitwa modCount. Tumeongeza mara nne, modCount ni 4. Mwenyeji anapoanza kazi anainakili hiyo 4 mfukoni. Kila ukimwambia "nipe kingine", kwanza anatazama: nambari ya nyumba bado ni 4? Kama si 4, kuna mtu kapanga upya vyumba bila kumwambia, naye anagoma.

Futeni B kwa orodha.remove. Orodha imebaki na vipengele 3, modCount ni 5. Mwenyeji amekwisha kutoa viwili, yuko nafasi ya 2. hasNext inauliza jambo moja tu: je, nafasi niliyopo ni tofauti na ukubwa wa orodha? 2 na 3 ni tofauti. Kipo kingine. next inatazama mfukoni, 4 dhidi ya 5, inalipuka. Hilo mlilitegemea.

Sasa anzeni upya, futeni C, kile cha pili kutoka mwisho. Ukubwa umekuwa 3. Mwenyeji ametoa vitatu, yuko nafasi ya 3. hasNext inauliza: 3 ni tofauti na 3? Hapana. Basi tumemaliza! Hakuna mlipuko. Hakuna ujumbe. Na D? D hajaguswa, hajaonekana, kitanzi kimefungwa kabla ya kumfikia. Kama naye alistahili kuondolewa, amebaki.

Anzeni tena, safari hii futeni D, wa mwisho kabisa. Ukubwa ni 3, mwenyeji yuko nafasi ya 4. 4 ni tofauti na 3? Ndiyo! Basi kipo kingine, anasema, nyumba imekwisha lakini yeye anadai kuna chumba. next inalipuka. Umelipukiwa baada ya kazi yote kuisha.

Mmeona jaribio la yule kijana lilivyomdanganya? Kwenye orodha ya vitu viwili, cha kwanza ndicho cha pili kutoka mwisho. Alichagua, bila kujua, kesi moja tu inayopita kimya. Na akaunti ya pili haikuwahi hata kuangaliwa. Jaribio lilipita kwa sababu kitanzi hakikumaliza kazi yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, neno "Concurrent" kwenye jina la hitilafu hiyo lisiwapeleke kuwinda nyuzi kabla hamjatazama kitanzi chenu wenyewe. Dawa ipo. Mwombeni mwenyeji aondoe: iterator.remove(), naye atarekebisha nambari ya mfukoni. Au, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, andikeni orodha.removeIf na sharti lenu, mstari mmoja. Mimi naanza na removeIf kila mara, na sioni aibu kwa uvivu huo.

Nasikia mtu huko nyuma anasema, "Mimi ningetumia nambari, orodha.get(i), nisingelipukiwa." Kweli, usingelipukiwa. Lakini ukifuta kilicho nafasi ya 1, kilichokuwa nafasi ya 2 kinasogea kuja 1, nawe i yako inapanda kwenda 2. Umemruka mmoja, kimyakimya. Nani alikuwa anashika nafasi? Wewe. Na wewe huna modCount mfukoni. Kama ni lazima utumie nambari kwenye ArrayList, anzia mwisho urudi nyuma, hapo kusogea kwa vipengele hakukudhuru.

Safu yenyewe haina kesi hii kwa sababu haina kufuta. Ikizaliwa na nafasi kumi itakufa na kumi. Unaweza kuweka null, yaani alama ya hakuna kitu, unaweza kunakili vinavyobaki kwenye safu mpya, lakini urefu haubadiliki. Usalama huo una bei: uzi mwingine ukibadilisha vipengele vya safu wakati unapita, hakuna kengele itakayolia. Hata kengele ya mikusanyiko isiwape usingizi mzito; maelezo rasmi ya Java yanasema inalia pale inapoweza, bila dhamana. Kwenye nyuzi nyingi tumieni vilivyoundwa kwa kazi hiyo. CopyOnWriteArrayList inampa mwenyeji picha ya orodha kama ilivyokuwa alipoanza. ConcurrentHashMap inamwacha aendelee hata mambo yakibadilika mbele yake.

Sasa mwendo. Mnapenda mwendo, nawajua.

Kuna swali la usaili ambalo nimelisikia likijibiwa vibaya na watu wenye uzoefu: kitanzi cha orodha.get(i) kina kasi gani? Jibu sahihi ni swali: orodha gani? ArrayList ndani yake ni safu, get inaruka moja kwa moja mpaka nafasi. LinkedList ni mnyororo. Kila get(i) inaanza upya kutoka ncha iliyo karibu, pingu kwa pingu, mpaka ifike. Orodha ya vipengele 100,000, kwa kitanzi cha nambari, inadai hatua kama bilioni 2.5, maana jumla ni robo ya mraba wa idadi. Kitanzi kifupi kinadai hatua 100,000 tu, kwa sababu mwenyeji anakumbuka alipo, hana haja ya kurudi mlangoni. Kazi ileile, orodha yenye viungo vilevile, msimbo mmoja unamaliza kabla hujapepesa jicho na mwingine unakufanya uanze kuwashuku watu wa mtandao. Java yenyewe inaijua shida hii: tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002 kuna kiolesura kitupu kiitwacho RandomAccess, hakina methodi hata moja, kazi yake ni alama tu kwamba orodha hii get yake ni ya haraka. ArrayList inayo, LinkedList haina.

Na int[] dhidi ya List<Integer>? Safu ya int milioni moja inachukua takriban megabaiti 4, nambari zimepangana bega kwa bega, na prosesa ikivuta moja kwenye kashe, kumbukumbu yake ya karibu, inazipata na jirani zake. List<Integer>, kwenye JVM (mashine pepe inayoendesha Java) ya kawaida ya biti 64, inashika rejeleo la baiti 4 kwa kila nafasi, na kila Integer ni objekti ya baiti 16 iliyolala kwake. Jumla inakaribia megabaiti 20, na kila hatua ni safari ya kwenda kwenye anwani nyingine. Ukichakata sauti, picha au vipimo vya mashine, safu haina mpinzani. Lakini msikimbie kesho kufuta orodha zenu zote! Programu nyingi tunazoandika zinashinda zikingoja hifadhidata ijibu. Pimeni kwanza.

Kuna jambo la Integer ambalo linauma zaidi ya baiti. Programu moja ilikuwa ikihesabu ni mara ngapi thamani inajirudia mfululizo kwenye orodha: inashika kipengele kilichotangulia kama Integer, inakilinganisha na kinachofuata kwa ==. Ilitumika kwa alama za mitihani, sifuri hadi mia, ikawa sahihi siku zote. Mtu akaichukua akaitumia kwa vipimo vya maelfu. Ikasema hakuna kinachojirudia, hata palipokuwa na 5000, 5000, 5000. Kwa nini? Java inatunza Integer za kuanzia -128 hadi 127 na kukupa objekti ileile kila int ya kiwango hicho inapofungashwa kuwa Integer. Nje ya hapo, kwa kawaida, kila 5000 ni objekti yake, na == inauliza kama ni objekti moja, haiulizi kama thamani ni sawa. Kwenye int[] mstari huohuo ungekuwa sahihi. Tumieni equals, au pokeeni kipengele kama int. Ila mkipokea kama int, kumbukeni orodha inaweza kuficha null, na null haifunguki kuwa int. Utapata NullPointerException kwenye mstari usio na nukta hata moja ya kuita methodi.

Nimalizie na mpakani, pale mnapovusha safu kwenda upande wa mikusanyiko.

Mwanafunzi aliniletea msimbo akilalamika kwamba kitanzi chake kinazunguka mara moja tu. Alikuwa na int[] yenye nambari tano, akaipitisha kwenye Arrays.asList, akapita juu ya matokeo kwa var. Badala ya nambari tano akachapishiwa kitu kimoja kinachoanza na [I@ na herufi za ajabu. Mnajua kilichotokea? Orodha haiwezi kushika int, inashika objekti. Safu nzima ni objekti. Basi akapewa orodha yenye kipengele kimoja, na kipengele hicho ni safu yake. Angetumia Integer[] angepata vitano. Kwa int[], Arrays.stream(safu).boxed() inakuvusha vizuri.

Na hata asList ikifanya kazi, haikupi nakala. Inakupa dirisha juu ya safu ileile. Ukiita set kwenye orodha, safu inabadilika. Ukiita add, unapata UnsupportedOperationException, kwa sababu urefu wa safu haubadiliki hata ikivishwa koti la orodha. List.of ya toleo la 9, mwaka 2017, ni kali zaidi: hata set inakataa, na null haipokei.

Map nayo si Iterable, msiibandike kulia kwa nukta pacha. Pitieni entrySet mpate ufunguo na thamani kwa pamoja, badala ya kupita keySet na kuita get kila mara. Na mpangilio wa HashMap msiuamini, hata kama jana ulitoka vizuri; mkitaka mpangilio wa kuingizwa, LinkedHashMap ipo. Kurudi nyuma kumerahisishwa: toleo la 21 la mwaka 2023 limeongeza reversed() kwenye orodha, mnaandika for (var x : orodha.reversed()) na mambo yameisha. Safu haijapewa kitu kama hicho. Huko bado ni i-- ya tangu 1996.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuchukue maswali. Yule kijana wa nyuma aliyesema angetumia get(i), namwona bado ana hoja. Mpeni kipaza sauti, aanze yeye.